Kabla Chuo Hakijasaini: Njia Nne za Kuhakikisha Programu Inayonunuliwa Inatumika na Wenye Ulemavu

Usajili wa muhula ulipofunguliwa katika chuo kimoja cha hapa Mwanza miaka michache iliyopita, nilikaa maktaba kando ya mwanafunzi asiyeona aliyekuwa akijaribu kuchagua masomo yake kwenye mfumo mpya. Kompyuta yake ilikuwa na NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Kila aliposogea hatua moja kwa kibodi, sauti ilimwambia jambo lile lile: hapo pana kitufe. Kitufe cha nini, haikusema, kwa sababu aliyeutengeneza mfumo alichora alama za kupendeza na hakuzipa majina. Baada ya nusu saa kijana yule alimpa rafiki yake nywila, naye akamsajili kwa dakika tatu. Tangu siku ile rafiki huyo aliweza kuona matokeo yake, deni lake la ada na barua zake zote.

Wiki chache baadaye nilisikia kwamba mkufunzi mmoja mwenye ualbino, ambaye hukuza maandishi ili aweze kuyasoma, alishindwa kuingiza alama za wanafunzi kwenye mfumo huo huo, kwa kuwa jedwali liliporomoka na safu za mwisho zikapotea nje ya skrini. Mfumo huo ulipita kwenye tathmini ya zabuni bila tatizo. Bei ilichunguzwa, usalama wa taarifa ukachunguzwa, kasi ikachunguzwa. Hakuna aliyeuliza kama mtu asiyeona, au anayeona kwa shida, ataweza kuutumia bila kumwomba mwenzake.

Makala haya yanawahusu wale ambao tayari wameamua kuuliza swali hilo, ila hawajui njia ya kulijibu: maofisa wa TEHAMA, kitengo cha ununuzi, ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na wajumbe wa bodi ya zabuni. Njia zinazotumika zaidi ni nne. Ya kwanza ni kutegemea taarifa ya ufikivu inayotolewa na muuzaji mwenyewe. Ya pili ni chuo kuijaribu programu kwa watu wake. Ya tatu ni kumlipa mtaalamu wa nje aikague. Ya nne ni kuweka masharti ndani ya mkataba na kumwajibisha muuzaji baadaye. Ninaposema ufikivu ninamaanisha hali ya mfumo kutumika na kila mtu aliyekusudiwa, awe anaona au haoni, anasikia au hasikii, anaweza kushika kipanya au hawezi, na kwa heshima na usiri ule ule wanaoupata wengine.

Vigezo vya kulinganisha

Nitaipima kila njia kwa maswali manne. Inabaini nini, na nini kinaipita bila kuonekana? Inagharimu kiasi gani cha fedha na muda? Inakipa chuo nguvu gani baada ya kusaini, hasa muuzaji anapotoa toleo jipya? Na inakifaa chuo cha namna gani?

Njia zote nne zinahitaji rula moja. Rula inayokubalika duniani ni Miongozo ya Ufikivu wa Maudhui ya Wavuti, maarufu kama WCAG, inayotolewa na shirika la viwango vya wavuti la W3C. Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2008, la 2.1 mwaka 2018 na la 2.2 mwezi Oktoba 2023. Kila toleo lina ngazi tatu, A, AA na AAA, na ngazi inayoandikwa kwenye mikataba mingi ni AA. Ingawa iliandikwa kwa ajili ya wavuti, masharti yake mengi hutumika pia kupimia programu za simu na za kompyuta. Baadhi ya masharti hayo ni mepesi kueleweka hata kwa mtu asiye fundi: maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kitu kupotea. Kila kazi inayofanywa kwa kipanya iwezekane kwa kibodi peke yake. Na taarifa isitolewe kwa rangi tu, kama pale ambapo jina la anayedaiwa ada huandikwa kwa rangi nyekundu bila neno lolote la kueleza.

Kwa upande wa sheria, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 ya mkataba huo inataja wazi teknolojia ya habari na mawasiliano. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Nawaomba wanaonunua mifumo waisome asilimia hiyo kwa makini, kwa kuwa mazungumzo ya ufikivu vyuoni huishia kwa wanafunzi, ilhali mhasibu, mkutubi na mhadhiri nao huomba likizo, huona hati zao za mshahara na huingiza alama kwenye mifumo hiyo hiyo.

Njia ya kwanza: Taarifa ya muuzaji

Inabaini nini. Wauzaji wakubwa, hasa wa Marekani na Ulaya, huwa na taarifa iliyojazwa kwenye kiolezo kinachoitwa VPAT. Kiolezo hicho kilitokana na kifungu cha 508 cha sheria ya Marekani, kinachozitaka taasisi za serikali ya shirikisho kununua teknolojia inayotumika na watu wenye ulemavu. Siku hizi kipo pia katika sura inayofuata kiwango cha Ulaya cha EN 301 549. Taarifa hupanga masharti ya WCAG moja baada ya jingine, na mbele ya kila sharti muuzaji huandika kama bidhaa yake inalikidhi, inalikidhi kwa sehemu, hailikidhi, au sharti lenyewe halihusiki, kisha huongeza maelezo.

Ikiwa imejazwa kwa uaminifu, taarifa hii inafaa sana. Humwonesha mnunuzi mahali mfumo unapochechemea kabla hajaugusa. Lakini wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Taarifa hii hujazwa na muuzaji mwenyewe, na hakuna mamlaka inayoithibitisha. Nimejifunza kuangalia mambo manne kabla ya kusoma jambo jingine lolote: tarehe yake, toleo la bidhaa lililopimwa, namna ya upimaji iliyotumika, na safu ya maelezo. Taarifa inayosema inakidhi kila sharti huku safu ya maelezo ikiwa tupu inanitia shaka kuliko ile inayokiri kasoro kumi na kueleza zitarekebishwa lini.

Kuna pia upungufu unaotuhusu sisi huku Kanda ya Ziwa kuliko wengine. Taarifa hupima bidhaa jinsi ilivyo kiwandani, na kwa kawaida kwa Kiingereza. Haisemi chochote kuhusu tafsiri ya Kiswahili, kuhusu ukurasa wa kupata namba ya malipo ya ada uliounganishwa na kampuni nyingine, wala kuhusu mwonekano uliobadilishwa ili ufanane na rangi za chuo. Nimeona Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni ambao watengenezaji wake huufanyia kazi kubwa ya ufikivu, ukiharibiwa na mavazi yaliyowekwa juu yake na fundi aliyetaka menyu zinazoruka na rangi ya kijivu juu ya nyeupe.

Gharama na muda. Kuiomba hakugharimu chochote, na kuisoma vizuri huchukua nusu siku kwa mtu anayeijua WCAG. Wauzaji wa nyumbani wengi hawajawahi kuisikia. Kuwatupa nje kwa sababu hiyo peke yake ni kuwaonea, kwa hiyo wapewe orodha fupi ya masharti kwa Kiswahili na wajibu moja baada ya jingine.

Baada ya kusaini. Taarifa peke yake haina nguvu. Ni maelezo ya bidhaa na si ahadi, mpaka iambatishwe kwenye mkataba kama sehemu yake. Toleo jipya likitoka, taarifa ya zamani haina thamani tena.

Inakofaa. Inafaa kuchuja wazabuni wanapokuwa wengi, na inafaa kwa programu zinazouzwa tayari duniani kote, ambazo chuo kimoja hakiwezi kuomba zibadilishwe.

Njia ya pili: Chuo kujaribu chenyewe

Inabaini nini. Njia hii inajibu swali ambalo nyingine zote hulizunguka: je, mtu huyu, kwa chombo anachokitumia kila siku, anaweza kuikamilisha kazi hii kutoka mwanzo hadi mwisho bila msaada? Ninalipa swali hilo uzito mkubwa kuliko idadi ya masharti yaliyokidhiwa. Mfumo unaweza kukidhi masharti arobaini na tisa, ukashindwa moja tu lililoko kwenye kitufe cha kuthibitisha usajili, na mwanafunzi akabaki nje kana kwamba umeshindwa yote.

Kujaribu kunaanza na kuandika kazi, kwa maneno ya kawaida. Kwa wanafunzi: kuingia kwenye mfumo, kuchagua masomo na kuthibitisha, kupata namba ya malipo ya ada, kupakua maswali, kuwasilisha kazi, kufanya jaribio lenye muda maalumu, kusoma matokeo. Kwa wafanyakazi: kuingiza alama za darasa zima, kuomba likizo, kuona hati ya mshahara, kuidhinisha hati ya malipo. Kisha watafutwe watu. Mmoja asiyeona atumie NVDA kwenye kompyuta. Mwingine atumie TalkBack, kisoma skrini cha simu, kwenye simu ya Android, kwa kuwa wanafunzi wengi wanaingia kwenye mifumo kwa simu, na mwanafunzi aliyekwenda likizo Ukerewe akitegemea bando lake hana maktaba ya kukimbilia wala rafiki wa kumpa nywila. Awepo mwenye uoni hafifu anayekuza maandishi. Hapa kwetu wapo wanafunzi na wafanyakazi wenye ualbino, na kwao mwanga mkali na maandishi hafifu vinachosha macho kwa saa chache tu. Awepo asiyetumia kipanya. Kama mfumo una video za mafunzo, awepo kiziwi atakayesema kama manukuu yapo na yanaeleweka.

Kwa kila kazi yaandikwe majibu matatu tu: amekamilisha mwenyewe, amekamilisha kwa kusaidiwa, ameshindwa. Na palipo na kushindwa paandikwe alikwama wapi hasa. Karatasi hiyo huwa na nguvu mbele ya bodi ya zabuni kuliko ripoti ndefu ya kitaalamu, kwa sababu mjumbe yeyote anaielewa.

Njia hii pia huibua mambo ambayo mtu wa mbali hawezi kuyaona. La kwanza ni lugha. Ukurasa wa Kiswahili ambao ndani ya msimbo wake umetangazwa kuwa wa Kiingereza husomwa na kompyuta kwa matamshi ya Kiingereza, na maneno kama «wasilisha» au «thibitisha» hugeuka kelele zisizoeleweka. NVDA huja na sauti ya eSpeak NG ambayo inacho Kiswahili. Kinachokosekana ni mstari mmoja wa msimbo, na WCAG inautaka mstari huo katika ngazi ya chini kabisa, ya A. La pili ni hati. Mifumo mingi hutoa stakabadhi na matokeo kama picha, na picha ya maandishi ni ukurasa mtupu kwa asiyeona. La tatu ni muda. Jaribio la dakika thelathini linaweza kuwa na sababu ya haki ya kuwa na kikomo, lakini mwalimu lazima aweze kumwongezea muda mwanafunzi mmoja bila kuubadilisha kwa darasa zima. Moodle ina uwezo huo. Mifumo kadhaa niliyoijaribu haina. La nne ni vifaa vya alama za vidole vinavyotumika kwa mahudhurio ya wafanyakazi. Mtu asiye na vidole, au ambaye vidole vyake vimesuguka kwa kazi, anahitaji njia nyingine inayotambulika rasmi, si fadhila ya mlinzi wa getini.

Udhaifu wa njia hii upo na tusiufiche. Watu watano hawawakilishi aina zote za ulemavu. Ulemavu wa kujifunza, kama ugumu wa kusoma, haujitokezi kwa urahisi katika jaribio la siku moja. Mjaribu hodari, aliyezoea kupambana na mifumo mibovu, anaweza kukamilisha kazi kwa ujanja ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hanao. Ndiyo maana ni vizuri fundi wa TEHAMA aongeze ukaguzi wa vyombo vya bure kama axe au WAVE. Vyombo hivi hugundua haraka picha isiyo na maelezo au rangi zisizotofautiana vya kutosha. Lakini haviwezi kujua kama maelezo ya picha ni sahihi: picha ya ramani ya chuo iliyoandikwa «picha1» inapita mbele ya mashine bila swali.

Gharama na muda. Programu za kujaribia zinapatikana bure. Gharama halisi ni watu. Wanaojaribu walipwe posho na nauli kama wanavyolipwa wajumbe wengine wa kamati. Kumwita mwanafunzi mwenye ulemavu atoe utaalamu wake bure kwa sababu «ni kwa faida yake» si haki. Washiriki kwa hiari, na hali zao zisisambazwe kwenye mihtasari ya vikao, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa za afya ya mtu zilindwe kwa uangalifu wa pekee. Siku mbili zinatosha kwa mfumo mmoja, siku moja ya maandalizi na nyingine ya kujaribu, mradi muuzaji atoe akaunti za majaribio zenye taarifa za kutosha. Onesho linaloendeshwa na mtu wa mauzo kwenye projekta halihesabiki kuwa jaribio. Kununua kwa kutazama onesho ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Baada ya kusaini. Jaribio linaweza kurudiwa kila toleo jipya linapotoka, kwa karatasi ile ile na kazi zile zile, na hapo ndipo thamani yake huongezeka. Hata hivyo halimlazimishi muuzaji kurekebisha chochote.

Inakofaa. Inafaa kwa kila mfumo ambao mtu hawezi kuukwepa: usajili, matokeo, mitihani, mishahara. Inafaa zaidi mfumo unapotengenezwa au kurekebishwa hapa nyumbani, ambapo mtengenezaji anaweza kuketi chumbani na kuona kwa macho yake mtu akikwama. Nimeona kijana aliyeandika msimbo mwenyewe akiomba muda, akarudi baada ya siku mbili na vitufe vyote vikiwa na majina. Hakuwa mkaidi, hakuwahi kumwona mtu akitumia kompyuta kwa masikio.

Njia ya tatu: Mtaalamu wa nje

Inabaini nini. Mkaguzi mzoefu hupitia kurasa na kazi zilizochaguliwa kwa kufuata sharti moja moja la WCAG, akitumia visoma skrini zaidi ya kimoja, kibodi, ukuzaji na uchunguzi wa msimbo wenyewe. Huona kasoro ambazo mtumiaji anazihisi lakini hawezi kuzieleza, na humwandikia mtengenezaji namna ya kurekebisha. Kinachompita ni mazingira: kama hajawahi kufika Nyegezi au Bugando, hajui wanafunzi wanatumia simu gani wala mtandao unakuwaje jioni wakati kila mtu yuko hewani.

Gharama na muda. Hii ndiyo njia ghali kuliko zote, na wataalamu hawa ni wachache, kwa hiyo mara nyingi kazi hufanywa kwa mbali. Huchukua wiki kadhaa, na ratiba ya zabuni isipopangwa mapema hakuna nafasi ya kufanyia kazi matokeo. Nafuu ninayoiona ni vyuo kushirikiana. Mwanza ina SAUT kule Malimbe, CUHAS pale Bugando, kampasi za IFM na CBE, na kampasi ya FETA kule Nyegezi, na vyuo vingi hununua mifumo ya aina zinazofanana. Ripoti moja ikilipiwa na wanunuzi watatu, theluthi ya gharama inamfikia kila mmoja.

Baada ya kusaini. Ripoti huru ina uzito katika mgogoro kuliko maneno ya pande mbili zinazovutana. Lakini ni picha ya siku moja, na toleo jipya huichakaza kama linavyoichakaza taarifa ya muuzaji.

Inakofaa. Inafaa kwa mfumo mkubwa utakaotumika miaka mingi na kampasi nyingi, na kwa mfumo unaotengenezwa upya, ambapo mkaguzi anaingia mapema kabla nguzo hazijasimikwa mahali pasipofaa.

Njia ya nne: Masharti ya mkataba

Inabaini nini. Mkataba wenyewe haubaini kitu. Hugawa wajibu: nani atarekebisha, kwa muda gani, kwa gharama ya nani. Chuo kinachosaini bila kupima kimeahirisha tu kujua, na watakaojua kwanza ni wanafunzi, wiki ya usajili.

Gharama na muda. Kuandika masharti ni kazi ya mwanasheria wa chuo na fundi wa TEHAMA kwa siku chache, na maandishi hayo yanaweza kutumika tena katika kila ununuzi. Muuzaji anaweza kupandisha bei ili kufidia kazi ya ziada, na ni afadhali hilo lijulikane wakati wa zabuni kuliko kuja kama madai baadaye.

Baada ya kusaini. Hapa njia hii inazizidi zote. Mkataba mzuri hutaja kiwango kwa jina na ngazi yake, kwa mfano WCAG 2.2 ngazi ya AA. Huambatisha orodha ya kasoro zilizojulikana na tarehe ya mwisho ya kila moja. Huzuia sehemu ya malipo mpaka kazi zilizotajwa zikamilishwe na wajaribu wa chuo. Huweka sharti kwamba toleo jipya lisiharibu kilichokuwa kinafanya kazi. Na huruhusu chuo kuvunja mkataba na kuondoka na taarifa zake zote. Hata hivyo, mwanafunzi hawezi kusajiliwa na kifungu cha mkataba. Kasoro inapokuwa haijarekebishwa lazima uwepo utaratibu mbadala ulioandikwa: ofisi gani, mtu gani, saa ngapi, na kwa usiri gani.

Inakofaa. Inafaa pale chuo kinapokuwa na sauti, yaani kwa wauzaji wa ndani na kwa mifumo inayotengenezwa kwa agizo. Kampuni kubwa ya ng'ambo inayouza huduma ile ile kwa maelfu ya vyuo haiwezi kubadilisha mkataba wake kwa ajili ya chuo kimoja kando ya Ziwa, na kushindana nayo kwa vifungu ni kupoteza muda ambao ungetumika kuijaribu bidhaa yake.

Kuchagua kulingana na hali

Chuo cha umma kinachonunua kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kianze na nyaraka za zabuni. Tathmini hufanywa kwa vigezo vilivyotangazwa, kwa hiyo ufikivu usipoandikwa mwanzoni, kamati haina pa kuushika baadaye hata kama wajumbe wote wanaujali. Viandikwe vitu vitatu: kiwango kinachotakiwa, wajibu wa mzabuni kutoa akaunti za majaribio, na orodha ya kazi zitakazojaribiwa. Wazabuni wachujwe kwa taarifa zao, na wawili au watatu wanaobaki wapitishwe kwenye jaribio la chuo.

Chuo kidogo cha binafsi chenye fundi mmoja na bajeti finyu kisijilaumu kwa kukosa mkaguzi wa nje. Jaribio la siku mbili pamoja na vifungu vitano vya mkataba vitakipeleka mbali. Kikikosa wajaribu miongoni mwa watu wake, kiwasiliane na vyama vya watu wenye ulemavu, kama Chama cha Wasioona Tanzania, CHAVITA kwa upande wa viziwi, na Chama cha Watu Wenye Ualbino, badala ya kumfunga fundi kitambaa machoni na kumwita asiyeona.

Anayenunua huduma ya kimataifa isiyobadilika, kama maktaba ya majarida au programu ya takwimu, asome taarifa ya muuzaji kwa makini, ajaribu kazi mbili au tatu muhimu, kisha aelekeze nguvu kwenye utaratibu mbadala: nani atamsaidia mtafiti asiyeona kupata makala iliyoskaniwa kama picha, na ndani ya siku ngapi. Ikiwa zipo bidhaa mbili zinazokaribiana kwa bei na kazi, hapo ufikivu uamue.

Anayeagiza mfumo utengenezwe upya asisubiri umalizike. Amwite mtaalamu wa nje au mjaribu mwenye uzoefu wakati michoro ya kwanza inapoletwa, na ajaribu tena kila sehemu inapokamilika. Kurekebisha kitufe kimoja kwenye mchoro ni kazi ya dakika chache. Kukirekebisha baada ya kurasa mia tatu kukiiga ni mradi mzima.

Anayenunua mfumo wa wafanyakazi peke yao, kama wa mishahara au mahudhurio, asidhani kwamba kwa kuwa leo hakuna mfanyakazi asiyeona basi hakuna haja. Watu hupoteza uwezo wa kuona wakiwa kazini, na mwombaji wa kazi mwenye sifa hawezi kuajiriwa kwenye dawati ambalo mfumo wake haumruhusu kuketi. Hapa jaribio la kibodi, la ukuzaji na la kisoma skrini lifanywe na mtu wa nje aliyelipwa, ikiwa ndani hayupo.

Na chuo ambacho tayari kimesaini, na nadhani hiyo ndiyo hali ya wasomaji wengi, kifanye jaribio la njia ya pili muhula huu huu, kiandike kasoro kwa utaratibu wa kazi na mahali pa kukwama, kiweke utaratibu mbadala mara moja kwa wanaokwama, kisha kitafute kwenye mkataba tarehe ya kuhuisha. Karatasi ya majaribio ipelekwe kwa muuzaji miezi sita kabla ya tarehe hiyo, ikiwa na orodha ya kasoro zinazopaswa kurekebishwa kabla mkataba haujahuishwa, na wajaribu wale wale waitwe tena kuthibitisha kwamba zimerekebishwa.